Usukani wa Maalim: Kutoka Mjini hadi Dagoretti Corner na Kurudi

Mashoga zangu, tangu Jumapili mnanijia mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe chake cha kuazima sukari, na kila mmoja anataka kusikia yaliyotupata mimi na Maalim siku ile tuliyotoka asubuhi na mkokoteni tukarudi magharibi juu ya pikipiki, mimi nimerowa na yeye miguu mitupu. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja amesikia habari za jeneza, mwingine za kuku, na sasa kuna anayesema mtaani kwamba tulizika mtu njia ya Kibera. Basi nimekaa nikayaandika yote. Pokezaneni msome, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Pikipiki ya mume wangu mnaijua. Ni kongwe kuliko ndoa yetu na kelele zake ni nyingi zaidi. Aliinunua kwa kijana mmoja mpiga gitaa, ambaye alikuwa ameung'oa usukani wake wa asili akatia mwingine mrefu uliopanda juu kama pembe za ng'ombe, mwendeshaji akae ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kwa mpiga gitaa ilipendeza. Kwa mwalimu wa Kurani mwenye kanzu na kofia ya vito ilikuwa kichekesho, lakini Maalim aliipenda vivyo hivyo. Ndiyo iliyomfikisha kwa wanafunzi wake wa Jamhuri na wa Westlands, nyumba moja hapa, nyumba nyingine kule, mahali ambapo Waislamu ni wachache na mwalimu wa miguu hafiki.

Kisha akaanguka siku ya mvua, bega la kulia likavunjika. Mzee aliyemuunga aliliunga vizuri, ila alituambia mkono hautapanda tena juu ya kifua na vidole havitakuwa na nguvu za zamani. Maalim akakaa nyumbani. Nyumba yetu ni chumba kimoja na nusu juu ya duka la vitambaa, na mwanamume wa kushinda ndani ni mtihani. Alinifundisha kukata vitunguu, mimi niliyekata vitunguu kabla yeye hajaijua alifu. Baadaye akaanza kuitaja Mombasa. Dada yake mkubwa ana chumba cha uani kitupu, na ametuma salamu si mara moja kwamba turudi tukae kwake. Wifi yangu huyo nampenda sana nikiwa mbali. Nikiwa karibu naye huumwa kichwa, na Nairobi ndiyo dawa niliyoipata.

Maalim si msemaji, lakini akisema amesema. Alisema atajaribu mara moja tu. Kuna fundi Dagoretti Corner aliyesifiwa, amshushie usukani na kumrekebishia breki zifae mkono wake. Akiweza kuendesha kutoka kwa fundi huyo, apitie kwa wanafunzi wake Jamhuri na Westlands, arudi mpaka mlangoni kwetu, basi tunabaki Nairobi. Akishindwa njiani, pikipiki itauzwa papo hapo iliposimama, nasi tutapanda basi la Mombasa. Akaniambia si lazima niende. Nikamjibu kwamba kama ni kuhama, nataka nihame nikiwa nimeona kwa macho yangu.

MJINI HADI JUU YA NGONG ROAD

Kwa kuwa usukani ule hakuuweza, ilibidi pikipiki ipelekwe kwa mkokoteni. Tukamchukua Mutisya, yule anayebeba majora ya vitambaa mtaani kwetu. Tuliimimina petroli yote kwenye kopo tuliloenda nalo, tukailaza pikipiki ubavu juu ya magunia, Mutisya akaifunga kamba. Maalim akawa anatazama chini. Alikuwa anaona haya, wanaomjua wasije wakaona pikipiki yake imelazwa kama mgonjwa. Mimi nikapanda juu chumbani, nikaleta shuka yangu nyeupe, nikaifunika na kuichomeka vizuri pande zote. Nilifanya kwa wema.

Tukapita Kenyatta Avenue, tukavuka Uhuru Highway, tukaanza kupanda. Mutisya mbele anavuta, Maalim nyuma anasukuma kwa mkono wa kushoto huku akisoma uradi wake kimya kimya kama kawaida yake, na mimi nyuma yao na kikapu. Mwendesha baiskeli mmoja akashuka, akavua kofia, akasimama mpaka tukapita. Nikasema moyoni, watu wa Nairobi siku hizi wana adabu. Mbele kidogo, penye chumba cha maiti cha mji, bawabu alituona tukija akafungua lango lote wazi, akatupungia mkono tuingie. Mutisya alikuwa amechoka, akaona kivuli ndani, akaanza kukata kona. Nilimpigia kelele.

Hata hapo, mashoga zangu, sikuelewa. Nilielewa tulipokaribia njia ya kwenda Kibera. Wazee kadhaa wa Kibera, wenye kanzu na kofia, walikuwa wanakuja upande wetu. Walipouona mkokoteni, kitu kirefu chini ya shuka nyeupe, na mwalimu anafuata akisoma, wote walisema inna lillahi kwa sauti moja, wakavuka barabara, wakaushika mkokoteni. Mnajua desturi. Jeneza haliulizwi ni la nani, mtu hulishika hatua chache apate thawabu zake. Maalim akawaambia hapana, wazee, si hivyo, msijisumbue. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, akamwambia asione haya kusaidiwa, msiba ni wa wote. Wakaanza kuleta shahada, na mkokoteni ukapanda mlima kwa mwendo ambao tangu mjini haukuwahi kuwa nao. Mutisya, ambaye hakuelewa lolote, aliziachia mbao akawa anatembea kando, mikono mfukoni.

Halafu yule mzee akageuka akaniona mimi.

"Mama, wewe ungerudi nyumbani," akaniambia kwa upole. "Wanawake hatufuatani nao kwenye jeneza. Na tena mnaelekea wapi? Makaburi hayako huku."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hilo si jeneza. Ni pikipiki. Inapelekwa kwa fundi."

Shahada ikakatika. Mzee akainua pembe ya shuka, akaona gurudumu, akairudisha shuka taratibu na kuichomeka tena kama nilivyoichomeka mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Maalim ikambidi aeleze yote, bega, wanafunzi, Mombasa, barabarani pale pale. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake akawaambia kwamba Mungu huandika nia, na wao thawabu zao wameshaandikiwa, kwa hiyo si adabu kuziacha katikati ya mlima. Wakatusukumia mpaka tambarare. Mutisya anasema tangu siku hiyo kila mzigo mzito anautafutia shuka nyeupe.

DAGORETTI CORNER, KWA FUNDI NJOROGE

Fundi Njoroge anafanya kazi nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, hatua chache kutoka maduka ya kona. Ni mtu mfupi mwenye masikio makubwa, mtu wa kanisa, anaimba nyimbo zake za Jumapili puani huku anafunga nati. Wenye kubeba maziwa na kabeji kwa pikipiki huwa wanakwenda kwake, kwa sababu anajua kurekebisha breki kulingana na mzigo na mwenye kubeba. Mkewe, Mama Wambui, alikuwa ameambiwa mwalimu wa dini anakuja. Alifagia mpaka mchanga, akatandika mkeka mpya chini ya mabati. Maalim alipouona mkeka alivua viatu vyake, vile vya Idd vya soli nene nilivyomlazimisha avae, akaviweka pembeni. Pikipiki nayo ikasimamishwa ukingoni mwa mkeka.

Njoroge aliizunguka pikipiki, akaucheka usukani.

"Mwalimu, hii mapembe ni ya kijana anatafuta bibi," akasema. "Wewe uko na bibi tayari."

Hakutoa futi wala rula. Alichukua fagio, akalikata mpini, akamkalisha Maalim juu ya pikipiki na kumpa mpini aushike kwa mikono miwili. Akamwambia aupandishe polepole, na mahali bega litakaposema basi, asimame hapo hapo. Bega lilisema basi kifuani. Njoroge akamwambia ashuke kidogo zaidi, apate kupumua. Alipoona uso wa Maalim umelegea alisema huo ndio usukani, akaenda kwenye lundo lake la vyuma akarudi na usukani wa chini, ulionyooka, uliotoka kwa pikipiki nyingine iliyokwisha kufa. Ule mrefu akaung'oa akautupa lunduni. Sikuusikitikia hata kidogo.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe usukani ukishuka, waya wa breki unakuwa mrefu kuliko njia yake, unajikunja, na ukishika breki pikipiki inachukua muda kusikia. Njoroge akaukata waya, na sasa akahitaji kuutia kichwa kipya kwa lehemu. Lehemu ilikuwa imekwisha. Aliyekuwa nayo ni mtengeneza redio wa pale kona, na mtengeneza redio alikuwa ameenda harusini Kikuyu na ufunguo wa duka. Tukangoja. Mimi kungoja sikujaliwa. Nilikuwa naangalia jua, na moyoni nimeshafika Mombasa, namhesabia wifi yangu masufuria yake.

Hapo ndipo Mama Wambui alipotokea na kuku hai kwapani na kisu juu ya sahani. Alimwambia Maalim kwamba anajua sisi hatuli nyama iliyochinjwa na wao, basi achinje mwenyewe, yeye atapika. Maalim aliutazama mkono wake wa kulia. Mimi pia niliutazama. Tangu aanguke hakuwa ameshika kisu ila cha vile vitunguu vyangu, na kwa mkono wa kushoto. Akauliza kaskazini, kuliko kibla, ni wapi, Njoroge akaonyesha upande wa Kangemi. Nikamshika kuku mabawa na miguu. Maalim akainama, mkono chini ya kifua, akataja jina la Mungu na kupitisha kisu mara moja. Nilikaa na kuku yule mkononi nikimtazama mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke niliamini kwamba huenda tukabaki.

Kuku alipikwa kwa chumvi, kitunguu na viazi, basi. Hakuna bizari, hakuna tangawizi, hakuna ndimu. Nilikaa kula kwa heshima tu, nikamaliza nikilamba vidole. Mama Wambui aliniuliza kwa nini sisi watu wa pwani tunaficha nyama ndani ya viungo, nami nikamsogezea sahani aniongezee.

Mwenye redio akarudi, lehemu ikapatikana, waya ukapata kichwa. Mkono wa breki ya mbele Njoroge aliubadilisha akatia mrefu zaidi, uvutwe kwa vidole vyote, lakini alisema wazi kwamba vidole vile havitoshi kuisimamisha pikipiki na mtu nyuma. Kazi kubwa ataibebesha mguu. Maalim alikuwa ametawadha na kusali adhuhuri pale pale mkekani, na kutoka kwenye sala alipanda pikipiki moja kwa moja. Njoroge akalala chini ubavu wa kushoto, ilipo pedali ya breki ya nyuma kwenye pikipiki kongwe kama ile. Kule kwenye gurudumu alitia chuma kirefu zaidi, ili mguu ukigusa kidogo tu breki ishike. Kisha akawa anapandisha pedali kidogo, anashusha kidogo, anaomba Maalim abonyeze, anautazama ule mguu kwa adabu kubwa, anapandisha tena. Akairekebisha mpaka Maalim akawa anaisimamisha kwa kidole gumba. Wakacheka wote wawili.

Maalim aliizungusha uani mara mbili tatu. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono imetulia, na nikamwambia kwamba kuanzia leo atakuwa anaendesha amerukuu. Njoroge akavua kofia akaiombea pikipiki kwa dini yake, Maalim akasema amina. Njoroge akarudi kwenye vyuma vyake. Kisha Maalim akavaa viatu vyake, mimi nikapanda nyuma, tukaondoka.

DAGORETTI CORNER HADI JAMHURI

Mnajua ninavyokaa: upande, miguu yote kushoto, buibui nimelikunja chini ya paja lisivutwe na mnyororo. Zamani nilikuwa na mgongo wa Maalim wa kuegemea, umesimama wima. Sasa mgongo umeinama na nikabaki natazama barabara na mguu wake. Sikujali. Upepo ulikuwa mzuri, mikaratusi ya Ngong Road inapita, na mume wangu anaendesha.

Baada ya kitambo nikaona pikipiki imekuwa nzito. Maalim anaongeza moto, inaguna, haiendi. Ni kama mtu ametushika kwa nyuma. Nikamuuliza, akasema breki mpya lazima izoee. Halafu ikaja harufu ya kuungua. Nilijikagua buibui lote, lilikuwa zima.

Jamhuri tulikwenda kwa Bwana Saidi, karani, mtu wa Lamu, ambaye wanawe watatu walisoma kwa Maalim. Alitukaribisha kwa kahawa na tende. Lakini hakuwa mwepesi kama siku zote, na mwishowe akasema lililokuwa moyoni. Walisikia tunahama. Kuna mwalimu mwingine kijana ameulizia nafasi, na yeye hajui amjibu nini.

"Mjibu Jumatatu," Maalim akamwambia. "Nikija mimi, nimekuja. Nisipokuja, mpokee yeye."

Mke wa Bwana Saidi alinishika mkono mlangoni kama mtu anayeaga. Nilimchukia kidogo, ingawa hakuwa na kosa. Tulipoirudia pikipiki ilikuwa imepoa, na gurudumu likazunguka vizuri. Maalim akasema, umeona, imezoea.

JAMHURI HADI WESTLANDS, KUPITIA KILELESHWA

Haikuwa imezoea. Tulipita Lavington tukiguna, na tulipofika Kileleshwa kwenye mlima mmoja, kati ya majumba ya matajiri na kuta zake za michongoma, gurudumu la nyuma likaanza kutoa moshi. Maalim alikuwa anatoka jasho mpaka kofia imelowa. Injini ikazima, tukasimama.

Mlinzi wa nyumba moja alikuwa anamwagilia maua. Aliona moshi, akaona mama amekaa juu ya moshi, akakimbia na ndoo akaimwaga yote kwa mkupuo mmoja. Gurudumu lilipata kidogo. Mimi nilipata iliyobaki, na viatu vya Maalim vikajaa.

"Pole mama," akasema na ndoo tupu mkononi. "Nilikuwa nataka moto, si wewe."

Alikuwa mtu mwema, jina lake Wafula, na kwa aibu aliyokuwa nayo alikwenda kwenye jiko lake la langoni akatuletea mahindi ya kuchoma. Nilikula nikitetemeka. Maalim hakula. Alikaa ukingoni mwa barabara, akavua viatu akamwaga maji, akaiangalia pikipiki muda mrefu. Kisha akaniambia nimuulize Wafula kama tajiri wake hununua vitu vikuukuu.

Nilikiona kile chumba cha uani, nikamsikia wifi yangu anavyohesabu vijiko. Lakini zaidi ya hapo niliona uso wa Maalim. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyekwisha kukubali, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikamwambia sitauliza mtu chochote mpaka pikipiki ipoe, na kwamba kwanza tuiingize langoni, tusiiache barabarani kama mzoga.

Akapanda aushike usukani, miguu mitupu, viatu vikikauka kwenye majani. Wafula na mimi tukasukuma. Nilikuwa upande wa kushoto, nimeinama, macho yangu usawa wa pedali ya breki. Nikaona mguu wake umekaa juu ya kikanyagio na kidole gumba kinaelea juu ya pedali bila kuigusa. Na njia nzima kutoka Dagoretti Corner, nilivyokaa upande sikuwa na kitu cha kutazama ila mguu huo huo, na njia nzima kiatu kilikuwa kimeikalia pedali. Nilidhani ndivyo breki mpya zinavyofanya kazi.

"Vaa kiatu," nikamwambia.

Akasema kimerowa. Nikamwambia avae hivyo hivyo. Akavaa, tukasukuma, pikipiki haikwenda. Nikamwambia avue. Akavua, ikatuponyoka nusura imwingize Maalim katika maua ya tajiri. Vaa tena. Vua tena. Wafula alikuwa ananitazama mimi tu, na nadhani alishajutia ile ndoo.

Maalim akakigeuza kiatu mkononi, akaitazama soli yake nene, kisha akautazama mguu wake.

"Njoroge amenipimia mguu mtupu," akasema.

"Na kwa nini hakukuuliza kama unaendesha na viatu?"

"Kwa heshima. Mtu wa dini haulizwi habari za miguu yake."

"Na wewe kwa nini ulivivua?"

"Kwa heshima. Mkeka wa watu ulikuwa mpya."

Jana Njoroge alikuja mjini kununua vyuma, akapita kwetu kuishusha pedali, na amekiri kwa kinywa chake. Aliona mwalimu havai viatu kila anapoikaribia pikipiki, akajua ndiyo dini, akaipima breki kwa mguu wa dini. Alicheka mpaka akaomba maji. Lakini siku ile Kileleshwa spana yake ilikuwa mbali, na njia ilikuwa moja tu. Nikamwambia Maalim avue kiatu cha kushoto abaki na cha kulia, maana cha kulia hakina ugomvi na mtu.

Akakataa. Akaniambia Mtume ametukataza kutembea na kiatu kimoja, tuvae vyote au tuvue vyote. Nikamuuliza kama hapo anatembea au anaendesha. Alilifikiria suala hilo kwa dhati kabisa, kando ya barabara, na mke wake anatona maji. Halafu akavivua vyote viwili akanipa nipakate.

WESTLANDS HADI MJINI

Kuanzia hapo pikipiki ilikwenda kama imefunguliwa kamba. Tulifika Westlands jua limelala, tukaenda kwa Bi Rukia, mjane mwenye duka la nguo, ambaye binti zake wanasoma kwa Maalim. Alitufungulia mlango akamwona mwalimu hana viatu na mke wa mwalimu kama ametolewa kisimani. Hakuuliza neno. Alileta beseni la maji ya moto na taulo, akaukaza uso wake usicheke. Nilimwambia mwenyewe, maana heshima ilikuwa imetutosha siku hiyo, na alipomaliza kucheka akauliza darasa linaanza lini. Maalim akamwambia atamjibu akifika nyumbani salama, si kabla. Nikaona bado ameshika neno lake la mwanzo, lile la mpaka mlangoni.

Kilichobaki kilikuwa mteremko wa kushuka mjini kupitia Museum Hill, na huo ndio niliouogopa tangu kwa Njoroge, maana kupanda hakuhitaji breki. Magari yalikuwa mengi, watu wanarudi majumbani. Tukaanza kushuka. Mimi nilisoma kila ninachokijua. Karibu na chini lori la mchanga lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, taa zake nyekundu zikatujia. Niliona kidole gumba cha Maalim kikishuka kwenye pedali, vidole vya mkono wa kulia vikijikunja vyote kwenye breki ya mbele, na mgongo wake haukuruka wala hakuguna. Pikipiki ilipunguza, ikapunguza, ikasimama. Kati yetu na lori angeweza kupita mtu na kikapu.

Tukabaki pale tunangoja lori liondoke. Injini inanguruma taratibu, mwanga unakwisha nyuma ya majengo, na mguu mtupu wa mume wangu umekanyaga lami. Nilimgusa bega lile lililovunjika, nikamuuliza linauma. Akasema haliumi. Kisha, bila kugeuza kichwa, akasema, "Mwambie dada atafute mpangaji mwingine."

Nililia, mashoga zangu, na nasema bila haya. Nililia pale barabarani, buibui bado bichi na viatu vya watu mapajani. Nikamkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili mbele ya magari na wenye magari, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe. Kisha nikamwambia amwambie mwenyewe, huyo ni dada yake.